Siku Kumi za Kumtazama Mbwa

Shule yetu ilikuwa banda la kukamulia ng'ombe. Mzungu alipouza shamba na kwenda kwao, kampuni ya wazee wetu ilikuta hapo nyumba moja ya mawe, josho la kuogeshea ng'ombe, na hilo banda refu la mabati lenye sakafu ya saruji. Nyumba ya mawe akaingia mwenyekiti wa kampuni. Banda tukapewa sisi watoto. Tulikaa pale pale ng'ombe walipokuwa wakisimama, kila mtoto kati ya vyuma viwili, na juu ya vichwa vyetu namba za ng'ombe zilikuwa bado zimeandikwa kwa rangi nyeupe. Mimi nilikuwa namba kumi na saba. Mdogo wangu, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza, alikuwa namba nne. Mvua ikinyesha, harufu ya maziwa yaliyochacha ilipanda kutoka sakafuni kama vile ng'ombe wametoka jana.

Mzungu aliacha pia mbwa wawili, wa tumbo moja, wakubwa, wenye rangi ya udongo mwekundu na mstari wa manyoya mgongoni yaliyolala kinyume. Kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Kwa karibu unaona kwamba mmoja alikatwa sikio la kushoto na seng'enge, likabaki nusu. Mwenyekiti aliwachukua pamoja na nyumba. Kule tulikotoka, kabla ya kupanda lori kuja upande huu wa Eldoret, mbwa alikuwa mlinzi wa kondoo. Analala nje, anakula anachookota. Hawa waliitwa kwa Kiingereza na walichinjiwa. Mwenyekiti akipita nao barabarani, watu walishuka baiskeli.

Sasa, mbwa wale walikuwa na mazoea yao. Miaka yote ya mzungu, kila asubuhi ng'ombe wakishakamuliwa, walipewa maziwa ndani ya lile banda. Ng'ombe wakaondoka, watoto wakaja, lakini mbwa hakuna aliyewaambia. Kila siku tukiwa kwenye hesabu waliingia kwa mlango wa nyuma, wakapita katikati yetu wakinusa sakafu, wakinusa magoti, wakatoka kwa mlango wa mbele. Kuna watoto walijikojolea. Mimi mwenyewe nilijikojolea mara moja na sioni aibu kuiandika.

Wazazi walilalamika, lakini kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo nataka mwielewe. Mbwa wa mtu mkubwa hapigwi jiwe, maana ni kama umempiga mwenyewe. Huendi kwake kumwambia "mbwa wako". Unangoja mkutano wa kampuni, unavua kofia, unasema kuna jambo dogo la usalama wa shule. Mzee mmoja alivua kofia akasema hivyo. Mwenyekiti akamwangalia, akatabasamu.

"Mzee, mzungu ameishi na hawa mbwa miaka mingi, hajang'atwa. Wewe umekuja juzi tu unaogopa. Ni mbwa ndio wabaya, ama ni kuoga ndiyo shida?"

Mkutano mzima ukacheka. Baba yangu alicheka pia, nilimwona. Yule mzee akarudisha kofia kichwani akakaa.

Wiki hiyo mwenyekiti alikuja shuleni asubuhi akatupanga mstari. Akatufundisha namna ya kukaa na mbwa wa kizungu. "Mbwa wa kizungu amesoma kuliko nyinyi," alisema. "Yeye hamgusi mtu amesimama. Anafukuza mtu anakimbia, kwa sababu anajua huyo ni mwizi. Mkimwona, simameni wima, mikono nyuma, macho mbele. Mmesikia?"

"Ndiyo, Mzee!"

Mwalimu wetu alilichukua neno hilo kama amri ya serikali. Alikuwa kijana wa kampuni, aliyeajiriwa na mwenyekiti, anakula kwa mwenyekiti. Mtoto akikimbia mbwa, alichapwa viboko vinne mbele ya wote. Nilimwona msichana wa darasa la pili akichapwa mpaka akaanguka. Baada ya hapo tulisimama. Mbwa wakiingia, shule nzima ilinyamaza na kusimama, mikono nyuma, kama wakati wa kupandisha bendera.

Watu huniambia niyaache haya, ni ya zamani, wengine wamekufa. Majina sitaandika, kwa sababu watoto wao hawakufanya kitu. Lakini aliyeishi shamba lile atawajua kwa kazi zao.

Siku yenyewe mbwa alikuja mmoja. Tulikuwa nje, mapumziko ya saa nne. Alitokea upande wa josho, yule wa nusu sikio, na alikuwa anatembea vibaya, kiuno kimelegea, mate yananing'inia. Watoto wakubwa waliona kuna kitu hakiko sawa, wakasahau viboko, wakapanda juu ya ua na juu ya tangi la maji. Mdogo wangu alikuwa karibu nami akijaribu kukimbia pia. Nilimshika mkono.

"Simama," nilimwambia. "Usikimbie. Simama wima."

Akasimama. Aliweka mikono yake nyuma vizuri kabisa, akatazama mbele. Mbwa alikuja moja kwa moja, hakubweka, akamrukia akamng'ata shavu, chini ya jicho. Niliingiza mkono wangu katikati, akaning'ata hapa kati ya kidole gumba na cha shahada, alama bado ipo. Halafu akatuacha, akaenda akigonga nguzo za ua kama kipofu.

Mwalimu alitoka ofisini. Ofisi yake ilikuwa kile chumba cha kuhifadhia maziwa. Alitutazama, akatazama upande mbwa alikokwenda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mlimchokoza na nini?"

"Hatukumchokoza, Mwalimu. Tulisimama."

"Mlimchokoza," akasema. "Nenda nyumbani ukaseme hivyo."

Mama alimwosha mtoto kwa maji ya moto na chumvi. Kabla ya saa saba mke wa mwenyekiti alikuwa amefika kwetu, amejifunga kitambaa cha kanisani, na kikombe mkononi. Ndani ya kikombe kulikuwa na manyoya ya mbwa yaliyochomwa na kuchanganywa na mafuta ya ng'ombe. Hii ilikuwa desturi. Mbwa wako akimuuma mtu unampelekea manyoya yake apake kidondani, na yeye akiyapokea, maneno yamekwisha. Hakuna baraza, hakuna polisi, hakuna kununiana. Mama aliangalia kikombe bila kunyoosha mkono. Baba ndiye aliyekipokea.

"Asante, Mama," alisema. "Watoto ni watoto."

Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mbaya, ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Alikuwa amefanya kazi kwa wazungu tangu utotoni, analala kwenye kibanda ambacho angeweza kufukuzwa asubuhi yoyote. Hisa ya kampuni aliipata kwa kuuza kila mnyama tuliyekuwa naye. Lakini shamba lenyewe hatukuwa tumeonyeshwa. Tulikaa kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi, familia mbili mbili, tukingoja siku ya kuonyeshwa, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ramani ilikuwa ndani ya nyumba ya mawe. Mwenyekiti ndiye angetembea mbele akisema wewe hapa, wewe pale. Kulikuwa na mashamba ya kando ya mto, na kulikuwa na mashamba ya mawe na tope ambako hata majani ya ng'ombe hayakuota. Wote walilijua hilo, na wiki zile hakuna aliyekohoa mbele ya mwenyekiti.

Mama alimbeba mtoto mgongoni kesho yake bila kumwuliza baba, akaenda kwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati iliyokuwa barabara ya kwenda Plateau. Nami nilikwenda kwa sababu ya mkono. Dresa alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliutazama uso wa mdogo wangu kwa muda mrefu. Yale manyoya aliyaosha yote, akasonya.

"Mbwa yuko wapi?"

"Yuko kwa mwenyewe," mama akasema.

"Hai?"

"Jana alikuwa hai."

"Sasa sikiliza, Mama. Mimi sina sindano ya kichaa cha mbwa. Iko hospitali ya mjini, na ni nyingi, tena za tumboni. Huyo mbwa afungwe, na wewe umtazame siku kumi. Kwa macho yako, usiambiwe. Akimaliza siku kumi anakula na kunywa, mtoto hana kitu. Akifa, akipotea, akibadilika tabia, hata kama ni saa ngapi, mpeleke mtoto Eldoret siku hiyo hiyo. Usingoje augue. Akishaanza kuugua hakuna daktari."

Mama alirudia maneno hayo njia nzima, kama mtu anayekariri katekisimu. Kwa macho yako, usiambiwe. Siku kumi.

Basi akaanza kwenda kwa mwenyekiti kila siku baada ya kazi. Anasimama kwenye geti la mbao, anapiga hodi, anangoja. Huingii kwa mtu getini kama ana mbwa. Unangoja mpaka wafungwe na uitwe. Mama hakuitwa. Siku ya kwanza na ya pili mke wa mwenyekiti alimwonyesha mbwa kwa kidole, amefungwa mnyororo kwenye mti wa mkaratusi nyuma ya nyumba, umbali wa kutupa jiwe mara mbili. Mama alirudi ametulia. Mbwa yuko. Analala, lakini yuko.

Siku ya nne nilikwenda naye. Mbwa alikuwa amesimama chini ya mkaratusi, ametutazama, masikio juu. Masikio mawili, mazima.

Nilimvuta mama kanga. "Mama, huyo siye."

"Nini?"

"Huyo ni ndugu yake. Yule ana nusu sikio. Tazama."

Mama alikunja macho. Hakuwa anaona vizuri mbali, moshi wa jikoni ulikuwa umemharibu. Mke wa mwenyekiti alikuwa mlangoni akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Mama," mama yangu akaita kwa heshima, "naomba nimkaribie kidogo tu. Macho yangu haya."

"Si huyo hapo? Unataka akupe mkono?"

"Ni vile dresa alisema..."

"Dresa! Huyo mbwa anakula nyama kila siku, wewe ulikula lini?" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Ama umekuja kunihesabia mbwa kwangu? Unataka kusema sisi ni waongo? Sema tu, mzee wangu yuko hapa ndani, nimwite umwambie."

Mama alitazama chini. "Hapana, Mama. Nimemwona. Asante."

Tukageuka tukarudi. Nyumbani mama alimwambia baba yote, akaniita nirudie habari ya sikio. Baba alikuwa anakoroga chai. Hakuacha kukoroga.

"Mbwa wale ni sawa," alisema. "Mtoto anaona nini toka getini?"

"Nilikuwa nao karibu kila siku, Baba. Wananinusa magoti."

"Nyamaza." Akamgeukia mama. "Leo ni Jumatano. Jumamosi tunaonyeshwa mashamba. Unataka niende kwa huyo mtu leo nimwambie ametudanganya? Tukirushwa kule kwenye mawe utakula sikio la mbwa? Ngoja Jumamosi ipite. Nitakwenda mwenyewe nimtazame huyo mbwa mdomoni."

Mama alingoja. Ningeweza kuandika kwamba alilia, alipigana, lakini alingoja. Kidonda cha mtoto kilikuwa kinakauka vizuri. Alikuwa anacheza. Alikuwa ananitania kwa sababu mkono wangu ulivimba na uso wake haukuvimba. Aliniita kiwete wa mkono.

Jumamosi mwenyekiti alitembea mbele, wazee nyuma, mwalimu akibeba ramani. Baba alipewa kando ya mto. Alirudi jioni akiwa na udongo mweusi mkononi, akauonyesha kila mtu, akampa hata mtoto aushike. Jumapili alisema amechoka. Jumatatu ilinyesha. Jumanne aliazimwa ng'ombe wa kulima, na ng'ombe wa kuazimwa hawangoji. Siku kumi zikaisha hivyo, na mama alikuwa ameonyeshwa mbwa kila siku, amefungwa chini ya mkaratusi, anakula.

Wiki ya tatu mdogo wangu alianza kukwaruza shavu. Alisema kuna wadudu ndani. Halafu akakataa chai. Mama alifikiri ni koo, akampa maji, na maji yalipokaribia mdomo mtoto alirusha kichwa nyuma na koo lake likajikaza kama kamba. Alikuwa na kiu. Hilo sitalisahau. Alikuwa analia anataka maji na hawezi kuyatazama.

Ndipo alipokuja mtu wa ng'ombe wa mwenyekiti. Huyu alikuwa mfanyakazi wa mzungu aliyebaki na shamba, kimya sana, hakuwa hata na hisa. Alisimama mlangoni mchana kweupe, hakuketi.

"Yule mbwa alikufa," alimwambia baba. "Siku ya tatu. Alikuwa anakula mchanga na mnyororo. Niliambiwa nimzike nyuma ya josho, niweke chokaa. Niliambiwa nikisema nitafute pa kulala."

"Nani alikwambia?" baba akauliza. Alikuwa anajua.

"Mwenyekiti mwenyewe. Alisema watu wa mifugo wakijua wataweka karantini, shamba lifungwe, mashamba yasionyeshwe. Alisema ni kwa faida ya wote."

Baba alimpakia mtoto kwenye baiskeli akamfunga kwa shuka ya mama. Alipiga pedali mpaka Eldoret, na mama akikimbia nyuma. Madaktari walifanya waliloweza, na dresa alikuwa ametuambia mapema waliloweza ni nini. Mdogo wangu alikufa siku ya tatu, chumba kimefungwa madirisha kwa sababu hata upepo ulimtisha. Mama peke yake ndiye aliruhusiwa ndani. Hajawahi kunieleza, na sikumwuliza.

Tulimzika kwenye shamba la kando ya mto. Ndilo lilikuwa kaburi la kwanza la kampuni. Mwenyekiti alikuja na koti jeusi na akaomba aseme neno, akasema shetani ana wivu na watu wanaopata ardhi yao. Alipomaliza alipita akisalimia kwa mikono. Baba alimpa mkono. Mama aliuweka wake chini ya shuka na kumtazama mpaka yeye akageuka. Mwalimu hakuja. Alikuwa ameandika kwenye kitabu cha shule kwamba mtoto alichokoza mbwa wa jirani akiwa njiani, wala si shuleni. Nilikisoma miaka baadaye, nikiwa nimeajiriwa kufagia ofisi hiyo hiyo.

Watu wa mifugo walikuja na bunduki. Walipiga mbwa wote wa shamba, hata mbwa wetu mdogo wa kondoo ambaye hakuwahi kutoka uani. Yule wa masikio mawili hawakumpata. Alikuwa amepelekwa Sugoi ndani ya gari la mwenyekiti siku moja kabla, na karantini ilipoisha alirudi. Siku hizi mwenyekiti anakaa Elgon View, mtaa wa matajiri mjini, ni mzee wa kanisa, ukutani kwake kuna kibao cha mbwa mkali. Nimewahi kupeleka maziwa nyumba ya jirani yake. Nilivuka barabara nikapita upande ule mwingine, na ninajua kwamba hiyo pia ni adabu aliyotufundisha.

Hospitali ilipouona mkono wangu iliamua nidungwe na mimi, ijapokuwa siku zilikuwa zimepita nyingi. Sindano kumi na nne za tumbo, kila siku moja. Kila asubuhi baba alinibeba kwa baiskeli mpaka mjini na kunirudisha. Alikuwa ameacha kulima, shamba jipya likiota magugu. Tumbo langu lilikuwa limevimba kama ngozi ya ngoma na kila shimo la barabara nililisikia.  Njia nzima yeye alitazama mbele.

Siku ya kumi, tukirudi, tulifika kwenye mlima ulio kabla ya mto, akashuka kusukuma kama kawaida. Mimi nilibaki juu, nimeshika kiti. Akasema bila kugeuka:

"Siku ile ya Alhamisi, baada ya wewe kusema habari ya sikio, nilipita kwa mwenyekiti. Nilijifanya naomba kuazima jembe."

Akakwepa shimo la barabara, akaendelea kusukuma.

"Nilifika mpaka pale kwenye mti. Masikio yalikuwa mawili."

Alisukuma baiskeli mpaka juu. Pale juu angeweza kupanda, barabara ilikuwa tambarare, lakini aliendelea kutembea.

"Mama anajua?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Na mimi ndiye nilimwambia asimame," nikasema.

Alibadilisha mkono kwenye usukani. Nilitaka aseme hapana, si wewe. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilikuwa na haki ya kuambiwa hivyo na mtu mzima yeyote. Alitembea, na mimi nikatazama mgongo wa koti lake. Sindano zilikuwa zimebaki nne. Tulizimaliza zote, na yeye hakukosa hata siku moja. Shuleni sikurudi. Mama nimekaa naye mpaka leo, na mpaka ninapoandika haya sijamwambia.